Mkuu, lichane hilo jedwali la namba za tambi

Umesema umebakiza wiki moja uanze kazi jikoni kwenye mgahawa wa Kiitaliano, na umeshaandika jedwali la namba za pakiti ili ulikariri: 5 ni spaghetti, 7 ni spaghettoni, 73 ni penne rigate. Lichane leo hii.

Hizo ni namba za kiwanda cha Barilla peke yake. Kila kiwanda kina zake. Kwa De Cecco spaghetti ni 12, penne rigate ni 41, na hiyo 7 yako ni linguine! Siku stoo wakileta pakiti za kiwanda kingine, mpishi mkuu ataagiza spaghettoni nawe utambebea 7 mbio mbio. Spaghettoni ni nyuzi nene za mviringo. Linguine ni bapa, na jina lenyewe maana yake ni vilimi. Zikiingia sufuria moja haziivi pamoja: hizi zimelegea, zile ukizikata bado zina kiini cheupe katikati. Inamwagwa sufuria nzima na mteja anaanza kusubiri upya. Kosa hili nimelilipia, ndiyo maana nakupigia kelele. Na hao wa kozi fupi za upishi wananikera mno: wanapokea ada, wanagawa karatasi ya picha na namba, na hakuna anayekufungulia jina ukaona lina nini ndani. Tambi si namba ya simu.

Soma mkia wa jina. Shina linakwambia ni kitu gani, mkia unakwambia ukubwa. Conchiglie ni makombe ya baharini. Conchigliette ni yaleyale madogo, ya kutia kwenye supu. Conchiglioni ni makubwa, ya kujazwa jibini ya ricotta na kuokwa. Spago ni kamba nyembamba, basi spaghettini ni nyembamba kuliko spaghetti na spaghettoni ni nene. Tortellini na tortelloni, tambi za kujazwa, hivyo hivyo. Ukiona -ini, -ine, -etti au -ette, udogo. Ukiona -oni, ukubwa.

Ila mkia unapima ndani ya ukoo wake tu, na hapa wengi huanguka. Fettuccine ina -ine, lakini ni pana kuliko linguine, kwa sababu shina lake ni utepe. Tagliatelle shina lake ni kukata. Mji wa Bologna, Italia, walisajili upana wake mwaka 1972, milimita 8 ikishaiva. Pappardelle ni pana zaidi ya zote hizo.

Kisha neno la pili: rigate ina michirizi, lisce ni laini, mezze ni nusu. Shika penne mkononi: ncha zimekatwa mshazari kama kalamu ya unyoya, na ndilo jina lake. Rigatoni ni mrija mnene zaidi, wenye michirizi, ncha zimekatwa wima. Bucatini ukizitazama ubavuni utaapa ni spaghettoni. Geuza ncha uitazame kwenye mwanga, utaona tundu. Buco ni tundu.

Kesho nunua pakiti nne, ziba namba kwa solatepu, mwaga kiganja kimoja cha kila moja mezani, utaje shina, mkia, na ncha ilivyokatwa. Ukikosea moja, anza upya zote nne.