Milima ya Sardinia kwa baiskeli: panga siku kwa mlima, si kwa kilomita

Kutoka Dorgali hadi Baunei, mashariki ya kisiwa cha Sardinia nchini Italia, barabara ya SS125 ina karibu kilomita 50. Aliyezoea nchi tambarare ataangalia ramani na kusema hiyo ni kazi ya asubuhi. Lakini mlima unaanza pale pale Dorgali, kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na unaupanda kwa karibu kilomita 20 mpaka Genna Silana, mahali barabara inapovuka mlima, mita 1,017. Wengi wakifika hapo hudhani wamemaliza. Bado. Barabara inashuka, inapanda, inashuka tena, inazunguka kila jabali, na haipiti katikati ya kijiji hata kimoja mpaka Baunei yenyewe.

Ninaishi kaskazini mwa Italia, na nikipata likizo ya kutosha huvuka bahari kwenda huko. Wenzangu wa Afrika Mashariki walioko Ulaya, na siku hizi hata walio nyumbani wanaopanga safari, huniuliza njia ipi ni nzuri na mtu aende kilomita ngapi kwa siku. Hilo swali la pili naomba tuliache. Katika Barbagia na Ogliastra, yaani nchi ya milima iliyo katikati na mashariki ya kisiwa, kilomita hazikwambii kitu. Hesabu mita utakazopanda. Mwenye mazoezi ya kawaida apange mita 1,000 kwa siku. Aliyezoea milima asizidi 1,500, hata kama miguu bado inataka. Programu za ramani za baiskeli zitakupa hesabu hiyo ungali umekaa kitandani.

Nasema asizidi kwa sababu nchi hii inataka ushuke kwenye baiskeli. Ukijaza siku nzima kwa kupanda, utafika kijijini jioni umechoka, utakula, utalala, na kesho utaondoka hujui ulilala wapi.

Fikiria kwanza kwa nini vijiji viko juu kiasi hicho. Sisi tutaelewa upesi: malaria. Pwani na mabonde ya Sardinia yaliteswa na homa hiyo tangu enzi za kale, na baharini nako walikuja maharamia. Watu wakajenga milimani, bahari wakaipa mgongo. Malaria ilikomeshwa kwa kampeni kubwa ya kupuliza DDT kati ya 1946 na 1950, iliyoendeshwa kwa msaada wa mfuko wa Rockefeller wa Marekani. Hoteli za ufukweni, karibu zote, zilikuja baada ya hapo. Kwa hiyo mtu akizunguka kandokando ya bahari pekee ameona Sardinia ya juzi. Ya kale iko juu, na barabara ya kuifikia ndiyo hiyo inayokutoa jasho.

Na ni ya kale kweli. Kisiwani kuna minara ya mawe iitwayo nuraghe, takriban 7,000, iliyojengwa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita kwa mawe makubwa yaliyopangwa bila chokaa wala udongo wa kuyashika. Mkubwa unaojulikana zaidi ni Su Nuraxi wa Barumini, ulioingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, lakini huo uko kusini, kwenye vilima vya chini, na unahitaji safari yake. Ukiwa Dorgali, tenga saa mbili uende Serra Orrios, mabaki ya kijiji cha watu hao hao waliojenga minara, kuta za nyumba za duara zikiwa bado zimesimama hadi kiunoni katikati ya mizeituni. Aliyezaliwa kwenye nyumba za msonge ataitambua ramani ya kijiji bila kuhitaji mtu wa kumweleza. Kuna pia Tiscali, kijiji kilichofichwa ndani ya pango lililoporomoka paa. Huko baiskeli haifiki, kwa hiyo beba raba nyepesi, maana viatu vya baiskeli vyenye chuma chini vitakuvunja mguu kwenye mawe yale.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni Orgosolo. Ukitoka mji wa Nuoro ni kama kilomita 20, kwanza unashuka bondeni, halafu unapanda hadi zaidi ya mita 600, ukiwa na milima ya chokaa ya Supramonte inayong'aa upande wa mashariki. Ukiingia kijijini, kila ukuta umechorwa: wachungaji, vita, mikutano ya hadhara, wanawake wenye mitandio meusi, habari za dunia nzima. Mchoro wa kwanza ni wa 1969. Mwaka huo huo, mwezi Juni, jeshi lilitaka kugeuza malisho ya Pratobello, juu ya kijiji, kuwa uwanja wa mazoezi ya silaha. Watu wa Orgosolo, wake kwa waume, wazee na watoto, walipanda huko na kukaa kwenye malisho yao mbele ya askari, bila kumwaga damu, mpaka mpango ukaachwa. Mwaka 1975 mwalimu wa shule, Francesco Del Casino kutoka Siena, akaanza kuchora kutani pamoja na wanafunzi wake, na kazi haikusimama tena. Tembea kijiji chote huku ukisukuma baiskeli. Soma kuta, hata kama Kitaliano chako ni cha kuokoteza. Mimi kila nikifika hapo huwafikiria wafugaji wetu na ardhi zao, na sijawahi kukaa chini ya muda wa saa mbili.

Salimia kwanza. Hili ni la muhimu kuliko gia. Barbagia ina sifa ya watu wakimya, wasiompokea mgeni haraka, na wengine huchukulia ukimya huo kama chuki. Kwa niliyoyaona, wanangoja tu mgeni aonyeshe adabu yake. Ukiingia kwenye baa ya kijiji na wazee wamekaa, sema "buongiorno" kwa wote kabla ya kuagiza, kama vile usivyoweza kupita barazani kwa wazee Pemba bila kutoa shikamoo. Mara nyingi, ukienda kulipa kahawa yako, utaambiwa imeshalipwa. Pokea na ushukuru. Kukataa kunaumiza.

Sasa baiskeli yenyewe. Kama unakodi, omba gia nyepesi: mbele meno 34, nyuma gia kubwa kabisa iwe na meno 32 au 34. Hiyo ndiyo itakayokuwezesha kupanda umekaa, ukizungusha miguu bila kuilazimisha, saa nzima. Tairi ziwe pana kidogo, milimita 28 au 30, kwa sababu lami ya barabara kuu ni nzuri lakini ya njia za vijijini ina viraka. Uliza breki ya mbele iko mkono upi, maana hutofautiana baiskeli kwa baiskeli, na ujaribu kwenye tambarare kabla ya kushuka mlima wowote. Beba tyubu mbili, pampu, na kifaa cha kuunga mnyororo. Kati ya Genna Silana na Baunei hakuna fundi wa kukuokoa, na kuna sehemu ambazo simu haishiki mtandao. Inaposhika, namba ya dharura ni 112.

Italia magari hupita kulia. Kwetu ni kushoto, na mwili husahau, hasa asubuhi unapotoka kwenye lango la nyumba ya wageni na barabara iko tupu. Sheria ya Italia pia inamtaka mwendesha baiskeli avae kizibao cha kung'aa ndani ya mahandaki, na usiku akiwa nje ya mji. Kinakunjika hadi kuenea kiganjani, kiweke mfuko wa nyuma. Na ukiwa unashuka, usiamini kona usiyoiona mwisho wake. Ng'ombe, mbuzi na nguruwe hulala katikati ya lami yenye joto na hawaondoki kwa kengele.

Maji na saa vinakwenda pamoja. Vijiji vingi vina chemchemi au bomba la umma, kwa hiyo jaza chupa zote mbili kila unapopita, hata kama moja bado imejaa nusu. Maduka hufungwa kuanzia saa 7 mchana hadi karibu saa 11 jioni, na Jumapili mchana mengi hayafunguliwi kabisa. Nunua chakula asubuhi. Mimi hubeba pane carasau, ule mkate mkavu mwembamba wa wachungaji, na kipande cha jibini la kondoo. Haviharibiki kwenye joto na vinatia nguvu. Julai na Agosti ziache. Nenda Aprili hadi Juni, au Septemba na Oktoba, na utoke saa 12 asubuhi. Upepo wa kaskazini-magharibi, maestrale, ukivuma kwa nguvu, siku hiyo tembelea makumbusho: Nuoro kuna nyumba alikozaliwa Grazia Deledda, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fasihi ya 1926, na Mamoiada kuna makumbusho ya vinyago, pamoja na mavazi ya Mamuthones, wanaume wenye nyuso nyeusi za mbao na kengele nzito mgongoni ambao hujitokeza kila tarehe 17 Januari.

Kwa Waislamu: nguruwe yuko kila mahali kwenye meza za huko, kwa hiyo jifunze kusema "senza maiale", yaani bila nguruwe. Culurgiones, chakula cha Ogliastra cha unga uliofumbatwa viazi, jibini na mnanaa, hakina nyama, ila uliza kama unga umekandwa kwa mafuta ya nguruwe, kwani wengine hufanya hivyo.

Wenye pasipoti za Tanzania au Kenya wanaotoka nyumbani wanahitaji viza ya Schengen; anzeni mapema. Walioko Italia wachukue meli ya usiku kutoka Livorno au Civitavecchia hadi Olbia, baiskeli inakaa chini na magari, ifungeni vizuri.

Mpangilio ninaoupendekeza kwa mara ya kwanza: lala Nuoro, kisha Mamoiada na Orgosolo, kisha Oliena hadi Dorgali, ukisimama kwenye chemchemi ya Su Gologone. Dorgali pumzika siku nzima. Halafu Genna Silana, na uende kutoka kaskazini kuelekea kusini, kwa sababu ukiwa upande wa kulia wa barabara bonde linaloelekea korongo la Gorropu linakuwa pembeni yako bila gari kukuziba. Mashindano ya baiskeli ya Giro d'Italia ya 2017, ya mara ya 100, yalipita hapo katika hatua ya Olbia hadi Tortolì, kilomita 221 kwa siku moja, wewe gawanya. Lala Baunei. Kesho yake acha mizigo kwa mwenyeji, kisha panda kona kali zinazoelekea uwanda wa Golgo, ambako kuna kanisa dogo la mawe la Mtakatifu Petro na shimo la Su Sterru lenye kina cha takriban mita 270. Kwenye kona za mwanzo usione haya kushuka ukasukuma. Kutoka Baunei hadi baharini, Santa Maria Navarrese, ni mteremko mtupu, na kwa siku hiyo breki zako zikaguliwe asubuhi.