Sarafu imeshuka, mbona mauzo ya nje hayajapanda?

SWALI: Ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu biashara ya kimataifa. Nadharia inasema sarafu ya nchi ikishuka thamani, bidhaa zake huwa nafuu kwa wageni na mauzo ya nje hupanda. Takwimu zangu zinakataa. Sarafu imeshuka, kiasi kinachouzwa nje kimebaki palepale mwaka mzima, lakini uagizaji umepungua. Msimamizi wangu anashuku takwimu. Nizitupe? Na je, kuna kanuni ya kutabiri kiwango cha dola mwezi ujao?
Mwanafunzi wa uchumi

JIBU: Usizitupe hata kidogo. Kwanza tafuta jibu la swali ambalo vitabu vya mwaka wa kwanza hulipita kimya: ankara za wauzaji hao zimeandikwa kwa sarafu gani?

Nadharia uliyofundishwa inachukulia kwamba muuzaji hupanga bei kwa sarafu ya kwao. Mwanauchumi Milton Friedman aliijenga juu ya msingi huo hoja yake ya mwaka 1953 ya kutetea sarafu zinazoelea, yaani ambazo thamani yake hupangwa na soko. Lakini sehemu kubwa ya biashara ya leo haiendi hivyo. Kiasi cha asilimia 40 ya biashara ya dunia huandikiwa ankara kwa dola, ilhali mgao wa Marekani katika biashara yenyewe ni kama asilimia 10 tu.

Chukua pampu inayouzwa dola 100. Jana dola moja ilikuwa 100 za sarafu ya muuzaji, leo ni 125. Mnunuzi aliye nchi nyingine haoni tofauti yoyote, kwa kuwa pampu bado ni dola 100, basi kwa nini aagize zaidi? Aliyenufaika ni muuzaji, ambaye sasa anapata 12,500 badala ya 10,000. Hata yeye, kama mota na chuma anaviagiza kwa dola, sehemu nzuri ya nyongeza hiyo inarudi ilikotoka. Upande wa pili, kila kinachoagizwa kwa dola kimepanda kwa robo nzima, na watu wanapunguza kununua. Hicho ndicho takwimu zako zinachokuonyesha.

Wanauchumi Emine Boz, Gita Gopinath na Mikkel Plagborg-Møller waliyapima haya kwa data za nchi nyingi. Dola ikipanda asilimia 1 dhidi ya sarafu nyingine zote, biashara kati ya nchi zilizo nje ya Marekani hupungua kwa asilimia 0.6 hivi ndani ya mwaka. Huwa nawaomba wanafunzi wangu wairudie sentensi hiyo polepole. Marekani si mnunuzi wala muuzaji katika biashara hiyo, na bado sarafu yake ndiyo inayoipunguza.

Kwa hiyo katika mlinganyo wako weka viwango viwili vya kubadilisha fedha pamoja: kile cha sarafu za nchi mbili zinazouziana, na kile cha dola. Watafiti hao walipofanya hivyo, nguvu ya kiwango cha kwanza ilipungua sana. Ukiweza kupata rekodi za forodha zinazotaja sarafu ya ankara, zipiganie. Zitaipa tasnifu yako uzito kuliko sura nzima ya mapitio ya maandiko.

Msimamizi wako huenda anakumbuka Uingereza. Novemba 1967 serikali ya Harold Wilson ilishusha pauni kutoka dola 2.80 hadi 2.40. Mwaka 1968 nakisi ya malipo ya nje ilikuwa bado ipo, na 1969 ikaja ziada. Mfano huo ni wa kweli, ila wauzaji wengi wa Uingereza wakati ule walitoza kwa pauni, kwa hiyo bei zao zilishuka machoni mwa wageni mara moja. Nadharia ya zamani ina mahali pake, mradi masharti yake yapo.

Usiandike pia kwamba sarafu iliyoshuka haisaidii chochote. Faida ya muuzaji ikikua anaweza kupanua kiwanda, na miaka ikipita mauzo yakafuata. Ninachokipinga kwa moyo wote ni sera inayoahidi mauzo ya haraka. Marekebisho ya mwanzo hupitia kwenye uagizaji, yaani kwa mtu anayelipa zaidi kwa dawa na mafuta, na ni haki yake kuambiwa mapema.

Kuhusu kutabiri dola ya mwezi ujao: mwaka 1983 wanauchumi Richard Meese na Kenneth Rogoff walipambanisha modeli maarufu za wakati wao za kutabiri viwango vya fedha na dhana moja tu, kwamba kiwango cha kesho kitakuwa sawa na cha leo. Kwa kipindi cha mwezi mmoja hadi mwaka, modeli hizo hazikuishinda dhana hiyo. Modeli zimeboreshwa tangu hapo, lakini kwa muda mfupi bado ni vigumu kuishinda. Katika tasnifu yako, eleza yaliyotokea na uache utabiri.