Jibu: "Kila nikiacha sigara, siku ya tatu narudi. Je, mimi ni dhaifu?"

Mdogo wangu wa Goma, umesema umeacha mara nne, kila mara siku ya tatu inakuangusha, na nyumbani wanasema huna moyo. Moyo unao. Mimi ni dereva wa taksi hapa Bukavu, nilivuta miaka 14, pakiti nzima kwa siku, na siku ya tatu iliniangusha mimi pia. Siku ya pili na ya tatu ndiko uchungu unakofika kileleni. Laiti ningeambiwa mapema.

Ubongo una kemikali yake, asetilikolini, na vipokezi inapokaa kama abiria kwenye kiti. Nikotini inafanana nayo, kwa hiyo inakalia viti hivyo hivyo. Ukivuta, haipiti hata nusu dakika imeshafika, na dopamini, kemikali nyingine ya ubongo, inamwagika katika sehemu inayotufundisha kurudia kilichotupendeza. Sigara 20, mivuto kumi kila moja: somo hilo unalirudia mara 200 kwa siku. Ubongo nao unaongeza viti. Nikotini ya damuni inapungua kwa nusu kila saa 2 hivi, basi ukilala usiku kucha unaamka na viti vingi vitupu.

Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda saa kumi na moja alfajiri, kiberiti mkononi, sijanawa uso, mke wangu amegeukia ukutani akikwepa moshi. Niliiita starehe. Kumbe nilikuwa nalipa deni la usiku, nipate tu kuwa sawa na mtu asiyevuta.

Viti hivyo vinapungua. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba baada ya wiki 6 hadi 12 bila kuvuta vinarudi kama vya asiyevuta, ila wiki tatu nne za mwanzo ndizo ngumu. Usizivuke mikono mitupu.

Shemeji alinitumia chingamu ya nikotini kutoka Ubelgiji. Niliitafuna kama chingamu ya dukani, nikapata kwikwi na kiungulia, nikaitupa. Ilikuwa kosa langu! Unatafuna polepole mpaka iwashe kama pilipili, kisha unaibana kati ya shavu na ufizi, kwa sababu nikotini inapita kwenye ngozi ya ndani ya mdomo. Ukiimeza inaishia kuchoma tumbo. Anayewasha sigara ndani ya nusu saa baada ya kuamka huanza na ya miligramu 4, wengine 2. Mara ya mwisho nilibandika plasta ya nikotini asubuhi, chingamu nikaiweka kwa ajili ya hamu ya ghafla. Viwili pamoja vinasaidia kuliko kimoja.

Kuna pia vidonge. Vareniklini inakalia kiti nusunusu: inatoa dopamini kidogo, hamu ya sigara inatulia, na sigara ikija inakuta kiti kina mtu. Sitisini, ya kutoka kwenye mmea, inafanya kazi hivyo hivyo, na Bulgaria wanaitumia tangu miaka ya 1960. Bupropioni ina njia nyingine, na mwenye kifafa asiiguse. Shirika la Afya Duniani liliweka vareniklini na bupropioni kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, lakini mimi nilizunguka farmasi za hapa mjini nikarudi mikono mitupu. Ukizipata, uanze kwa daktari.

Na kahawa, punguza nusu. Moshi hufanya ini liivunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, kikombe kile kile kinakaa mwilini muda mrefu zaidi. Mikono ilinitetemeka usukani na usingizi ukanikimbia, nikadhani ni sigara inaniita.