Re: Kiwanja jirani na magofu ya Kunduchi. USILIPE SALIO KWANZA

Mkuu, shikilia hiyo hela. Umeuliza lori ngapi za kifusi na kuvuta umeme ni bei gani, halafu katikati umepitisha kimyakimya kwamba kiwanja kinapakana na magofu na dalali kakwambia "hayo ni makaburi ya zamani tu, hayana mwenyewe". Dalali wangu kule Kigamboni alisema hivyohivyo! Nadhani wamesomea chuo kimoja.

Yana mwenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inagusa majengo ya kabla ya 1886 na vifaa vya kabla ya 1863, na kuchimbua bila leseni hairuhusiwi. Hapo Kunduchi pana msikiti wa karne ya 15 au 16 na makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa bakuli za kaure za China. Unadhani mji wa waliojenga hayo uliishia kwenye bikoni yako ya mpaka?

Mimi kule Kigamboni karatasi zote nilikuwa nazo. Mchoro wa mipango miji umeandika "makazi", kibali cha ujenzi kina muhuri. Mtaro wa msingi ukafika usawa wa kiuno, sururu ikagonga ukuta: matumbawe yameshikwa kwa chokaa, plasta nyeupe utadhani ya juzi. Pembeni kigae cha bakuli chenye maua ya bluu. Saidia fundi mmoja akakifuta kwa fulana, akauliza kama kinauzika. Nikampigia dalali. "Mwageni zege usiku, kesho hakuna ushahidi." Nikamsikiliza, boya mimi.

Asubuhi mtaa mzima una picha kwenye simu. Ujenzi ukasimamishwa, zege likavunjwa kwa gharama zangu, nondo zinaota kutu, na mkopo unakatwa kwenye mshahara mpaka leo. Nilitaka vyumba vitatu na sebule, nikapata makumbusho yasiyo na kiingilio. Mke wangu hacheki.

Dalali hapokei simu. Na yule bwana mipango miji eti "sisi tunaangalia matumizi ya ardhi tu". Viwanja mnavikata mezani, nani alikwenda kutembea kule porini kwanza?

Chukua namba za GPS za bikoni zote, peleka Idara ya Mambo ya Kale, wakujibu KWA MAANDISHI. "Nimeongea na jamaa yangu pale" siyo jibu. Umesema salio ni Jumatatu. Dalali akianza habari za mteja mwingine mwenye fedha taslimu, mwambie amuuzie huyo.