Niliuliza mbona kwenye fedha wote ni Wahindi, rafiki yangu akaniita mbaguzi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 27, ni karani wa mauzo kwenye duka kubwa la vipuri vya magari hapa Dar es Salaam. Rafiki yangu mkubwa kazini ni Mhindi wa Upanga, mpwa wa tajiri. Juzi tukiwa tunakula mchana nilimuuliza: mbona nyinyi Wahindi ndio mko kwenye fedha na uongozi, sisi Waswahili tuko kaunta na stoo, hata wenye diploma ya uhasibu? Alinyamaza. Jioni akanitumia ujumbe: "Sikujua kumbe na wewe ni mbaguzi." Tangu hapo ni salamu ya mbali tu. Kaka yangu anasema nisijali, eti magabachori ndivyo walivyo. Mama anasema nimekosa kutaja rangi ya mtu, mambo hayo hayazungumzwi. Shangazi, mimi ni mbaguzi?*
*Karani wa Kaunta*

Marahaba mwanangu. Kwa swali hilo, hapana. Ila kuna mahali umeteleza, tutafika.

Wewe uliuliza nani amekaa wapi kazini. Hilo linaonekana kwa macho, linaweza kuelezwa, na tajiri akiamua analibadilisha hata kesho. Kaka yako hakuzungumzia duka kabisa. Yeye kazungumzia watu, kwamba wamezaliwa hivyo na watakufa hivyo, na jina alilotumia, la kuwadhalilisha Wahindi, ni lile lile la kwenye majukwaa ya siasa ya Mchungaji Mtikila miaka ya 1990. Katiba yetu, ibara ya 13(5), inaeleza kubagua kuwa ni kuwatendea watu tofauti kwa sababu ya rangi, kabila, dini, walikotoka na mengineyo, kiasi kwamba wengine wanahesabiwa kuwa dhaifu au duni. Pima swali lako hapo, kisha pima maneno ya kaka. Tena ibara hiyo haimpi ruhusa mnyonge kuwabagua wenye nafasi, kwa hiyo asije akakwambia kwamba asiye na duka hawezi kuwa mbaguzi.

Mama yako namwelewa. Kizazi chetu kiliitana "ndugu" na kuambiwa kwamba mambo ya rangi yaliondoka na mkoloni. Lakini hebu jaribu kueleza, bila kutaja rangi, kwa nini biashara ya mjini ilikaa zaidi mikononi mwa Wahindi. Huwezi. Mkoloni aligawa shule: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, za Waafrika mbali, na fedha zake hazikulingana. Kuanzia 1923 kukawa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa wenyeji. Mfanyabiashara aliyemkopesha Mwafrika bila kibali hakuwa na haki ya kumdai mahakamani. Nani angemkopesha? Ukiyafuta hayo ili kulinda heshima ya mezani, maelezo yanayobaki ni ya kaka yako tu: wenzetu biashara iko kwenye damu, sisi hatuna. Ukimya wa mama unamlisha kaka, wala mama mwenyewe hajui.

Sasa rafiki yako. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi, lakini wenye majengo hayo mijini wengi walikuwa Wahindi, na familia nyingi zilihama nchi baada ya hapo. Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Aliyelelewa na bibi anayeyakumbuka hayo, akisikia "mbona nyinyi Wahindi", anasikia mwanzo wa sentensi inayomalizikia "rudini kwenu". Ndiyo maana swali lilimuuma, ingawa halikuwa la ubaguzi.

Na kuteleza kwako ni hapo hapo, kwenye "nyinyi". Binti huyo haajiri mtu. Anayeajiri ni mjomba wake. Wewe ukamkalisha rafiki yako kitini awajibu Wahindi wote, katikati ya wali na maharage. Ungependa mtu akuulize wewe kwa nini Waswahili wanachelewa kazini?

Usimtumie ujumbe mrefu. Mfuate, mkae, umwambie: "Nilikuuliza wewe jambo la mjomba wako, nisamehe kwa hilo. Swali lenyewe bado ninalo, na ningependa kusikia lilikufikiaje." Kisha nyamaza umsikilize, hata akisema usiyoyapenda. Akikataa kukaa nawe, mpe muda. Usimwombe radhi kwa ubaguzi ambao hukuufanya, maana radhi ya namna hiyo itawafanya wote wawili muogope kuligusa jambo hili tena.

Swali lako lipeleke kwa mwenye nalo. Muulize meneja nafasi za fedha hutangazwaje na sifa zake ni zipi. Jiandae kukuta kwamba jibu ni undugu: keshia ni shemeji, mhasibu ni binamu. Duka la Mchaga au la Mkinga pale Kariakoo nalo ni hivyo hivyo, na sijasikia mtu akiuita ubaguzi wa rangi, japo anayekosa nafasi anaumia vile vile. Lakini ukikuta Mhindi asiye ndugu wa mtu kapewa kiti, na Mwafrika mwenye cheti kile kile kaachwa stoo, hapo hoja ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa rangi au kabila, na inamtaka mwajiri awe na mpango wa kutoa fursa sawa. Waone TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kwanza, halafu CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ukiwa na vyeti vyako na tarehe ulizoandika. Usilikalie mwaka mzima: mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa CMA ndani ya siku 60.