Leza na Fila Usoni: Kipi Kianze, Usubiri Muda Gani

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu kuchanganya leza ya ngozi na fila, yaani sindano za jeli za kujazia mashavu, midomo na mikunjo. Tumeyajibu tukifikiria ngozi nyeusi na ya maji ya kunde, kwa sababu maelekezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe.

Kliniki imenipa ofa ya leza na fila siku moja. Nikubali? (Dar es Salaam)

Uliza kwanza ni leza gani. Zipo zinazochubua ngozi, kama ya CO2 ya nanomita 10,600 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) na ya erbiamu ya nanomita 2,940, na zipo zinazopasha joto ndani bila kufungua ngozi. Kwa zile zisizochubua, siku moja inawezekana kwa sharti moja: leza itangulie, fila ifuate. Ukianza na fila, uso utakuwa na matundu mabichi ya sindano na jeli ambayo haijatulia, halafu unaongezewa joto, uvimbe na mkono unaobonyeza ngozi.

Kwa leza inayochubua, kataa. Ngozi iliyofunguliwa imepoteza kinga yake, na sindano inayopita hapo inaweza kuingiza bakteria hadi kwenye jeli, ambako dawa huwafikia kwa shida. Pia uso ukivimba, mchomaji hawezi kukadiria ujazo: anachokiona ni uvimbe, na ukishuka unabaki na shavu moja kubwa kuliko jingine. Subiri ngozi ifunge na wekundu upungue, wiki mbili hadi nne.

Ikiwa fila ilitangulia, ipe angalau wiki mbili kabla ya leza yoyote. Kwa fila iliyowekwa karibu na juu, kama ya chini ya macho au midomo, sisi tungesubiri wiki nne. Hata pale siku moja inaporuhusiwa, tunapendelea kutenganisha, na sababu iko kwenye jibu la dalili za hatari hapa chini.

Nimejazwa mashavu, sasa nataka leza ya kuondoa ndevu za kidevuni. Joto halitayeyusha fila? (Mombasa)

Kwa kawaida haliyeyushi. Fila ya mashavu mara nyingi huwekwa chini kabisa, karibu na mfupa. Leza ya Nd:YAG ya nanomita 1,064, inayofaa zaidi kuondoa nywele kwenye ngozi nyeusi, huzama milimita kadhaa, lakini nishati yake hainyonywi sana na maji, na jeli hiyo imejaa maji. Tatizo huja leza inayochubua inapowekwa nguvu ya kuzama sana juu ya fila iliyo karibu na uso wa ngozi. Kope ndiyo sehemu ya kuogopa zaidi, maana ngozi yake haifiki hata milimita moja. Mwonyeshe mhudumu kila mahali ulipojazwa, apachore kwa kalamu kabla ya kuwasha mashine.

Nilitumia mkorogo kwa miaka. Nataka leza ya madoa, kisha fila. (Mwanza)

Usianze na mashine, anza na daktari wa ngozi. Mkorogo mara nyingi una mojawapo ya vitu vitatu au vyote: steroidi kali, haidrokwinoni (dawa ya kung'arisha ngozi) na zebaki. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na vidonda vichelewe kupona, kwa hiyo leza ambayo mwenzako aliivumilia wewe inaweza kukuunguza. Ukiiacha ghafla baada ya miaka, uso huwaka, huwasha na kutoa vipele. Daktari hukushusha polepole. Haidrokwinoni ya muda mrefu huweza kuacha madoa ya bluu-nyeusi mashavuni. Hayo si madoa ya jua, na leza isiyofaa huyazidisha. Zebaki huharibu figo, hivyo omba upimwe. Kutuliza ngozi ya namna hii ni kazi ya miezi, si wiki. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha wataalamu wa ukanda huu tangu 1992, kwa hiyo wanaoijua ngozi yetu wapo.

Ngozi ikitulia, sisitiza mambo haya. Usikubali IPL (mashine ya mwanga mkali inayofanana na leza), wala leza ya aleksandraiti ya nanomita 755 kama ngozi yako ni nyeusi: melanini (rangi ya asili ya ngozi) ya juu hunyonya mwanga wake kabla haujafika unakotakiwa, na matokeo ni malengelenge, kisha weusi au weupe wa kudumu. Mhudumu afanye jaribio la leza sehemu ndogo chini ya taya, msubiri wiki nne, kwa kuwa weusi unaofuata mwasho hauonekani siku ile ile. Nguvu ndogo kwa vikao vingi ni bora kuliko kikao kimoja kikali. Kinga ya jua iwe SPF 30 au zaidi, ipakwe kwa wingi, irudiwe kila saa mbili ukiwa nje. Chagua yenye rangi ya oksidi ya chuma, kwani mwanga wa kawaida unaoonekana nao huchochea weusi, na krimu nyeupe nyingi haziuzuii vya kutosha.

Dalili gani zinaonyesha fila imeziba mshipa wa damu? (Nairobi)

Swali hili tungependa kila anayekwenda kuchomwa aliulize. Jeli ikiingia ndani ya ateri au kuibana, ngozi inayolishwa na ateri hiyo huanza kufa. Vitabu husema ngozi hugeuka nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi utaona kijivu kama majivu, au mabaka ya mtandao kama wavu. Angalia pia ndani ya mdomo na ufizi, ambako rangi haifichwi. Bonyeza kwa kidole, achia, uhesabu: damu ikichukua zaidi ya sekunde tatu kurudi, shuku. Maumivu yanayozidi ni dalili, lakini fila nyingi zina lidokaini, yaani dawa ya ganzi, hivyo kutosikia maumivu hakuthibitishi usalama. Siku ya pili hadi ya nne hutokea vipele vya usaha vinavyofuata njia ya mshipa.

Sasa fikiria uliwekewa leza siku hiyo hiyo. Wekundu, uvimbe na vipele vyote vitaitwa "ya leza, yatapita", na saa zinazotakiwa kukuokoa zitapotea.

Matibabu ni hialuronidezi, kimeng'enya kinachoyeyusha fila ya asidi ya hialuroniki. Huchomwa kwa wingi, yuniti 500 au zaidi kwa eneo dogo, na kurudiwa kila saa mpaka damu irudi. Kitambaa cha uvuguvugu husaidia. Barafu usiweke, inabana mishipa. Fila za kalsiamu haziyeyushwi na dawa hii, ndiyo maana anayejazwa mara ya kwanza tunamshauri achague ya hialuroniki. Kama una mzio wa kuumwa na nyuki, sema mapema, kwa sababu ya dawa hii. Uoni ukififia au jicho likiuma ghafla, hasa baada ya kuchomwa puani au kati ya nyusi, ni hospitali yenye daktari wa macho papo hapo: retina (utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga) isiyopata damu huhesabiwa dakika.

Nitajuaje kama saluni inafaa? (Kampala)

Fila si kazi ya saluni. Kliniki inapaswa kukufungulia kisanduku mbele yako na kukupa namba ya toleo. Iwe na angalau yuniti 1,500 za hialuronidezi palepale, si za kuagizwa. Miwani ya leza iwe imeandikwa nanomita zinazolingana na mashine.

Nilichomwa silikoni zamani. (Muscat)

Mwambie daktari, na usiwekewe leza ya kuzama sana wala fila mpya juu yake kabla ya ultrasaundi.

Mimi hutokwa na malengelenge ya homa mdomoni. (Zanzibar)

Leza ya uso na sindano za midomo huyaamsha, na yakitokea kwenye ngozi iliyochubuliwa husambaa na kuacha makovu. Daktari huandika aciclovir miligramu 400 mara tatu kwa siku, kuanzia siku moja kabla, hadi ngozi ifunge, kwa kawaida siku 7 hadi 10. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo. Kama malengelenge yameshatoka, ahirisha vyote viwili mpaka yakauke kabisa.