Faili Limegoma Kufunguka: Majibu kwa Wasomaji

Msanifu amenitumia ramani ya nyumba yangu. Jina lake linaishia na .dwg na simu haitaki kuifungua. Ninunue programu gani? (Msomaji, Dodoma)

Usinunue kitu, ndugu yangu. DWG ni faili la AutoCAD, programu ya kuchorea iliyotolewa na kampuni ya Autodesk mwaka 1982, na leseni yake ni mzigo mkubwa kwa mtu anayejenga nyumba moja. Kampuni hiyohiyo ina huduma ya bure mtandaoni, Autodesk Viewer. Unaingia kwa kivinjari, unapakia faili, unaiona ramani na hata kupima ukuta hadi ukuta. Mwombe msanifu akupe na PDF, maana fundi kule saiti anataka karatasi iliyochapishwa kwa skeli sahihi, si faili la kompyuta. Lakini DWG usiifute. Ukitaka kuongeza chumba baada ya miaka kadhaa, mchoraji ataanzia hapo badala ya kuchora upya kwa gharama yako. Itunze sehemu mbili.

Nimebadilisha jina la faili kutoka .pages kuwa .docx, sasa Word inasema limeharibika. (Mwanafunzi, Eldoret)

Halijaharibika. Umebadilisha jina tu, yaliyomo yamebaki ya Pages, programu ya Apple. Rudisha jina la zamani, ingia iCloud.com kwa akaunti ya Apple, ambayo ni bure, pakia faili kwenye Pages ya humo, kisha lipakue likiwa la Word au PDF. Kama aliyekutumia yuko karibu, njia fupi zaidi ni yeye kulitoa upya kwa Word kutoka kwenye kompyuta yake.

Picha za iPhone zinakuja kama .heic na kompyuta ya ofisini haizionyeshi.

iPhone zimetumia mfumo huu tangu iOS 11, mwaka 2017, ili picha zichukue nafasi ndogo. Kwa picha zijazo, ingia Settings, Camera, Formats, uchague "Most Compatible", zitakuwa JPEG, aina ya picha inayofunguka karibu kwenye kila kompyuta. Zilizokwisha kupigwa zigeuze kwa programu ya bure kama GIMP.

Nimepata faili kwenye flashi ya marehemu baba. Halina nukta wala herufi yoyote mwishoni. Nitajuaje ni la nini? (Msomaji, Tanga)

Pole sana, dada. Kwanza nakili flashi yote kwenye kompyuta, ufanye kazi na nakala tu. Kisha fungua faili kwa Notepad, programu ya kuandikia maandishi matupu iliyomo ndani ya Windows. Utaona takataka za alama, usijali. Soma herufi za mwanzo kabisa. Ukiona %PDF, ni PDF. Ukiona Rar!, ni kifurushi cha kufungua kwa 7-Zip, ambayo ni bure. JFIF karibu na mwanzo ni picha ya JPEG. Ukiona PK, hizo ni herufi za jina la Phil Katz, aliyebuni ZIP, mfumo wa kufunga mafaili kadhaa yawe kifurushi kimoja, na nyaraka za Word na Excel za tangu toleo la 2007 huanza hivyohivyo, kwa kuwa kwa ndani ni ZIP. Basi funga Notepad bila kuhifadhi, ongeza .zip kwenye jina, uchungulie ndani: folda ya "word" maana yake ni .docx, "xl" ni .xlsx, "ppt" ni .pptx. Hapo ndipo kubadilisha jina kunasaidia, kwa sababu linalingana na kilichomo.

Nimepokea barua pepe yenye "ankara.pdf", ila alama yake si ile ya PDF.

Usiibofye. Windows huficha kiendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina, hivyo "ankara.pdf.exe" huonekana kama "ankara.pdf". EXE ni programu inayoanza kazi mara unapoibofya, na ankara halisi haiji hivyo. Katika Windows 11 fungua folda yoyote, nenda View, Show, uweke tiki kwenye "File name extensions". Kisha mpigie anayedaiwa kukutumia, kwa namba uliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo.